Wenyeji wa Maluku na Karafuu Zao

Wanachama wapenzi,

Kila mmoja wetu ajua bei ya karafuu ilivyo. Lakini si wengi tujuao yaliyowafika watu wa kwanza kuiuza. Mkarafuu asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, katika Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Huko ndiko ilikotoka mbegu ya mikarafuu yetu.

Kwa karne nyingi wenyeji hao waliuziana na Wajava, Wamalai, Waarabu na Wachina. Walitoa karafuu wakapata nguo na mchele. Mnunuzi mmoja akiwapunja, walimwendea wa pili. Na chombo kisipofika, walikuwa na sagu, unga utokao ndani ya shina la mti wao. Hawakulala na njaa. Soko halikuwa adui yao.

Mambo yaligeuka Kampuni ya Waholanzi ilipotaka kuwa mnunuzi wa peke yake. Mwaka 1652 ilipatana na Sultani Mandarsyah wa Ternate kwamba mikarafuu ya nchi yake ikatwe. Sultani akalipwa fedha kila mwaka. Raia wakapotewa na mti wao. Kilimo kikaachwa Ambon na visiwa vya jirani tu. Watu wa Hoamoal, magharibi ya Seram, waliopigana kuupinga mpango huo, walihamishwa kwao. Wanavijiji walilazimishwa kuvuta makasia ya vyombo viitwavyo kora-kora, vilivyozunguka kutafuta mikarafuu ya kukata. Na mkulima wa Ambon aliamriwa leo apande, kesho akate, na bei aliwekewa. Kilimo hicho cha lazima kilidumu mpaka miaka ya 1860.

Twaona basi kuwa hawakudhurika kwa kuuza, bali kwa kunyang'anywa hiari ya kupanda, ya kuuza na ya kukataa.

Sisi hatumshauri mtu aache karafuu. Twashauri asing'oe muhogo, migomba na majimbi ili aongeze mikarafuu. Mwenye chakula ndani aweza kungoja; mwenye njaa huuza kwa bei aipendayo mwenziwe. Basi kabla ya kupanda miche ya masika, kila mwanachama na atenge kwanza sehemu ya chakula. Na mkutano ukiitishwa wa kuzungumza bei, tuhudhurie sote, wala tusiwaachie wachache kutupatania.

Wassalaam,
Katibu