Risasi na Bamba la Chuma: Maelezo ya Neno na ya Kitu Chenyewe

Neno risasi asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yale laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo kwa moto mdogo. Kwa kuwa zamani tembe za bunduki zilisubiwa kwa madini hayo, jina la madini likawa jina la tembe. Leo tembe ikifanywa kwa shaba tupu, au ikifichwa chuma cha pua ndani yake, huitwa risasi vile vile. Jambo hili si la wanakamusi peke yao. Mtu akilifuata jina akadhani kila risasi ni laini, huenda akapoteza jicho.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang tofauti ya chuma laini na chuma kigumu ni elimu ya siku nyingi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda hutwaa msumari wa kawaida wakaufua bila moto hata ukawa kigumba cha mshale. Msumari ni chuma laini, ndiyo maana wakubali kufuliwa ungali baridi. Vigumba vingine hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga, wale waitwao Gidang'odiga, ambao hufua kwa moto na mivukuto. Kwa ndege na wanyama wadogo yatosha mshale wa ncha ya mti mtupu. Kwa mnyama mkubwa hupakwa sumu, kama ile ya utomvu wa waridi la jangwani, na mshale wa namna hiyo hautegemei nguvu ya pigo. Ukigonga bamba la chuma, kigumba hupinda au mti huvunjika, nalo bamba halina habari. Mwendo wake haufiki hata sehemu ya kumi ya mwendo wa risasi ya bunduki ya kisasa.

Na katika mwendo ndimo mna siri yenyewe. Uzito wa risasi ukiongezwa mara mbili, nguvu yake huwa mara mbili. Lakini mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Tena si nguvu yote tu itakiwayo kupimwa. Risasi ya bunduki ya zamani ya Kiingereza ya 303 ilikuwa na uzito wa gramu 11 na zaidi kidogo, ikatoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 744 kwa sekunde. Risasi ndogo ya milimita 5.56 ina gramu tatu na nusu tu, lakini hutoka kwa mita 990 hivi. Ile ya kwanza hubeba nguvu karibu mara mbili ya hii ya pili. Hata hivyo, kwa karibu, hii ndogo ndiyo ichimbayo shimo katika bamba lililoistahimili ile kubwa. Sababu ni kwamba mkandamizo pale ncha igusapo hufuata mwendo kwa kipeo chake cha pili, na ukizidi uwezo wa chuma, chuma chenyewe husukumwa pembeni kama udongo mbichi. Kwa hiyo hata bamba gumu la kipimo cha Brinell 500 halifai kupigwa kwa risasi ifikayo kwa mwendo wa kupita mita 900 hivi kwa sekunde.

Aina ya risasi nayo ina neno. Ile laini hupasuka juu ya bamba zima, na vipande vyake hutawanyika pembeni, karibu sambamba na uso wa bamba. Ile yenye pua ndani hutoboa au huacha kishimo. Sumaku ikivutwa na risasi, na ishukiwe. Kishimo ni kibaya kuliko tundu: risasi itakayoingia humo baadaye hugeuzwa na kingo zake, na vipande humrudia mpigaji. Kwa sababu iyo hiyo diski la jembe la trekta, ambalo halikosekani katika nchi ya mashamba ya ngano kama Bassotu, ni shabaha ya hatari. Lina mbonyeo, na upande ulio bonde hurudisha vipande ulikotoka moto.

Mtu asidhani basi kwamba mwendo mdogo ni salama. Risasi nzito ifikayo kwa chini ya mita 230 hivi kwa sekunde huenda isivunjike, ikadunda nzima. Marisau ya chuma hudunda zaidi ya yale ya risasi halisi, na gobori lililoshindiliwa vipande vya nondo ni baya kuliko yote, mbali na kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha isiyo na leseni.

Bamba lifaalo ni tambarare, halina kishimo, na hutundikwa likiinamia mbele ili vipande viende chini. Kwa bastola mpigaji husimama si chini ya mita 10, kwa bunduki kubwa si chini ya 90, na kila aliyepo huvaa miwani ya kukinga macho. Bamba halichomelewi usoni, kwani moto wa kuchomelea hulainisha chuma kilichotiwa maji, na hapo palipolainika ndipo kishimo cha kwanza kitakapotokea.