Tuhesabu watoto mbele ya kuhesabu madarasa

Kila Septemba tunaona jambo lilelile: mtoto anafika ku masomo na daftari mpya, anaambiwa darasa limejaa. Wanne kwa benchi moja, wengine chini. Tunamlaumu direkta. Lakini nani alimwambia mapema ni watoto wangapi watakuja?

Congo haijahesabu watu wake tangu 1984. Shule zinapangwa kwa kuangalia wale walio tayari ndani, si wale wanaokuja. Na Kanyabayonga, pale barabara ya RN2 inapopanda kutoka Rwindi kuingia Lubero, njo fasi ya watu kuja na kwenda. Tangu 2022 familia nyingi za Rutshuru zilikimbilia pale juu ya vita. Mwisho wa Juni 2024, M23 ilipoingia, wenyeji nao wakakimbia kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero, hata Butembo. Watoto walihama kwa siku chache. Madarasa hayakuhama nao.

Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza Septemba 2019, ilijaza shule zaidi. Ni kitu kizuri, hatutaki irudi nyuma. Lakini darasa moja limepangiwa wanafunzi 55. Watoto 110 wakifika mtaani, hiyo si kubanana kidogo: ni madarasa mawili na walimu wawili. Na mwalimu wa darasa jipya, kama Kinshasa haijamuandika kwa listi ya mishahara, hapati franga. Njo pale mzazi anaombwa tena mchango, na bure inakuwa ya kulipa.

Sisi familia za wachimbaji tunaijua hali hii. Karieri ikitoa dhahabu, kama upande wa Manguredjipa, watu wanajaa kwa miezi michache. Ikikauka, wanaondoka. Baba anafunga mizigo kwa pikipiki, na buletini ya mtoto inabaki nyuma. Shimoni hatushuki bila kujua ni watu wangapi wako chini. Mbona watoto hatuwahesabu?

Kuna mambo tatu tunaweza kufanya. Kwanza, komite ya wazazi pamoja na chefu wa mtaa waandike watoto wote, wenyeji na waliokimbia vita, hata wachanga. Aliyezaliwa mwaka huu atatafuta benchi la darasa la kwanza baada ya miaka sita. Pili, listi hiyo ifike kwa wakubwa wa elimu kabla ya likizo kubwa, ili walimu waombwe mapema, ao zamu ya mchana ipangwe. Tatu, fasi ambapo kampuni ina kibali cha kuchimba, tuulize franga. Sheria ya migodi ya 2018 inapatia komini, sekta ao chefferie ya pale asilimia 15 ya ushuru wa madini. Imejenga madarasa ngapi?

Baba, mama, tusingoje Septemba. Kalamu na daftari moja zinatosha kuanza na mtaa wetu.