Fahamu: Kwa nini mahandaki ya Las Vegas ni nafuu?

Mwaka 2021, kampuni ya Elon Musk ilifungua mahandaki ya magari ya umeme ya Tesla chini ya kituo cha mikutano cha Las Vegas, kwa takriban dola milioni 50. Unafuu unatokana kwa sehemu na wembamba: kipenyo ni kama mita 3.7, hivyo udongo wa kuchimba na zege hupungua.

Wembamba huohuo unatia wasiwasi. Gari likikwama, pembeni hubaki upenyo tu. Betri ikishika moto hutoa moshi wa sumu, na yaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa. Hata bila betri, moto wa handakini huweza kuua wengi: ule wa handaki la Mont Blanc barani Ulaya, 1999, uliua watu 39.

Magari hayo yakija kujiendesha, mshahara wa dereva utaokolewa, lakini moto ukitokea nani atawaongoza abiria katika moshi? Miji inayovutiwa na bei iulize hilo kabla ya kusaini mkataba.