Maktaba ya Taifa na Sheria Iliyoizaa

Mwanachama aendaye Dar es Salaam kwa shughuli za chama, akitoka Posta na kufuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed, hulikuta jengo la Maktaba Kuu ya Taifa. Rais Julius Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967. Lakini jengo hilo lilitanguliwa na sheria, na sheria ilitanguliwa na swali: maktaba za umma ziwe chini ya nani?

Kabla ya hapo shirika la East African Literature Bureau lilisambaza vitabu kwa masanduku na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Sydney Hockey alishauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba. Njia nyingine ilikuwa kila halmashauri ijitegemee. Wilaya yenye mapato ingepata vitabu, iliyo maskini ingekosa. Bunge, lililokutana wakati huo katika Ukumbi wa Karimjee, lilipitisha mwaka 1963 sheria ya kuunda bodi moja ya nchi nzima.

Bodi ya namna hiyo hufanana na chama kilichoandikishwa: ina nafsi yake kisheria, muhuri wake na mali yake, nayo huweza kushtaki na kushtakiwa. Faida yake ilionekana mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilipoondolewa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Bodi ilibaki. Sheria Na. 6 ya 1975 ikaipa jina la Tanzania na kuipanulia kazi, zikiwamo mafunzo ya wakutubi na kushiriki kampeni za kisomo.

Hata hivyo, kiundwacho kwa sheria chaweza pia kuvunjwa. Wanaushirika wanalijua hilo: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982.

Kwa hiyo muswada wowote unaogusa chombo cha umma usomwe mapema, kabla haujapitishwa. Katibu na awasomee wanachama mkutanoni, wajibu maswali matatu: mali itakuwa ya nani? Fedha za kila mwaka zitatoka wapi? Nani ataketi katika bodi, na atateuliwa na nani? Maoni yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na kupelekwa kwa mbunge wakati majadiliano yangali wazi.