Waya wa Sensa Unapokuwa Mfupi: Kufunga Ekzosi Mpya Katika Hewa ya Pwani

Upepo wa bahari unaovuma Tanga mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chumvi ambayo huanza kuyala mabomba ya moshi ya magari kutokea chini, mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki, na ndiyo maana kubadilisha ekzosi ni kazi ya kawaida kwa magereji ya Makorora kama ilivyo kwa yale ya Ngamiani na Mabawa. Magari mengi ya huko yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na ekzosi inayofungwa badala ya ile iliyooza mara nyingi hununuliwa dukani bila kuwa ya kiwanda kilichounda gari, au huundwa papo hapo kwa kuchomelea mabomba, hivyo tundu la sensa ya oksijeni halikai tena pale lilipokuwa. Fundi anapofika mwisho wa kazi hugundua kwamba waya wa sensa haufiki, akaukata na kuuongeza kipande. Kipande hicho kidogo ndicho kinachoharibu magari mengi ambayo baadaye husemwa kuwa yanakula mafuta.

Sensa yenyewe hupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliianzisha mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani, na muundo wake wa msingi haujabadilika sana tangu wakati huo: ndani yake mna kigae cha zirkonia ambacho upande mmoja huguswa na moshi na upande wa pili huguswa na hewa ya kawaida ya nje, na kikishapata joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi huzalisha umeme kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili. Mafuta yakiwa mengi kuliko hewa, umeme huo hukaribia volti 0.9, yakiwa machache hushuka hadi karibu volti 0.1, na kompyuta ya gari husoma panda-shuka hiyo ili kuongeza au kupunguza petroli inayoingia kwenye injini. Sensa ya kawaida ina nyaya nne, mbili za hita inayoipasha joto, moja ya ishara na moja ya ethi ya ishara hiyo. Katika sensa za Denso, ambazo ndizo zinazokutwa katika Toyota nyingi, nyaya za hita ni nyeusi zote mbili, ya ishara ni ya buluu na ya ethi ni nyeupe. Katika zile za Bosch nyeupe mbili ni za hita, nyeusi ni ya ishara na ya kijivu ni ya ethi, kwa hiyo anayeunganisha kwa kufuata rangi bila kujua sensa ni ya nani anaweza kuupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye njia ya ishara.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaelezwi ni kwamba hewa ya nje ambayo sensa huitumia kulinganishia haiingii kwa tundu linaloonekana. Katika sensa nyingi za aina hii hupenya polepole katikati ya nyuzi ndogo za waya, ndani ya ganda lake, kutoka upande wa soketi. Risasi ya kulehemia ikiyeyuka na kujaa kati ya nyuzi hizo huziba njia, na kadhalika grisi inayoshindiliwa ndani ya soketi kwa nia njema ya kuikinga na maji ya masika. Hii ndiyo sababu watengenezaji huonya dhidi ya kulehemu nyaya za sensa na huelekeza zibanwe kwa viunganishio vya chuma kwa koleo la kazi hiyo.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni kutokata kabisa. Nyaya za nyongeza zenye soketi dume upande mmoja na soketi jike upande wa pili hupatikana kwa aina nyingi za magari. Huingizwa kati ya soketi ya sensa na ile ya gari, na siku sensa ikifa mpya hufungwa bila kugusa kisu. Ikilazimu kukata, kila waya ukatwe mahali tofauti na mwenzake ili viungo visikae ubavu kwa ubavu, kila kiungo kivalishwe mpira unaojikaza kwa joto, na waya wa nyongeza usiwe mwembamba kuliko wa awali, kwa kuwa hita huvuta takriban ampia moja na waya mwembamba huipunguzia nguvu. Waya wa kuwekea taa nyumbani haufai hata kidogo, kwani ganda lake la plastiki limekusudiwa joto la nyuzi 70 hivi, ilhali bomba la moshi lililo karibu nalo hufikia mamia ya nyuzi. Ganda likiyeyuka na chumvi ikaingia, umeme wa hita huvuja hadi kwenye ishara isiyofika hata volti moja, na kompyuta husoma uongo. Zipo pia sensa za uwiano wa hewa na mafuta, ambazo baadhi huwa na nyaya tano na kipingamizi kidogo kilichopimwa kiwandani na kufichwa ndani ya soketi, na soketi hiyo haipaswi kutenganishwa na sensa yake.

Mahali pa sensa pana uzito sawa na waya. Nati yake ichomelewe upande wa juu wa bomba, ikiinama angalau nyuzi kumi juu ya usawa, ili maji yanayotokana na moshi uliopoa yasitulie kwenye kigae na kukipasua. Na wakati wa kuchomelea sensa iwe imefunguliwa na betri imetenganishwa. Ufa wowote kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, nayo kompyuta hudhani mafuta ni machache na kuyaongeza. Katika magari yenye sensa mbili, ile ya pili, iliyo nyuma ya kichujio cha moshi ambacho mafundi hukiita masega, kazi yake kubwa ni kukikagua kichujio hicho, na wanaoyatoa masega kisha wakashangaa taa ya injini ikiwaka wanalaumu kifaa kinachosema kweli.

Mwenye gari anayebadilisha ekzosi Makorora au kwingineko pwani na amwombe fundi, kabla bomba halijakatwa, apime waya wa sensa unapofika na kuichomelea nati hapo, ikiwa moshi unapita hapo ungali na joto la kutosha.