Kweli au Si Kweli: Mwanafunzi, Kitabu na Kalamu

Mwalimu yeyote wa Kiswahili wa sekondari ameyasikia madai haya kwenye vikao vya wazazi, katika chumba cha walimu, hata midomoni mwa wanafunzi wenyewe. Yamerudiwa mno hadi yakageuka sheria, na wanaoumia ni watoto wetu. Nimechukua yanayosikika zaidi nikayapima moja moja.

"Kuandika ni kipaji. Usipozaliwa nacho, basi."

Si kweli. Shaaban Robert alisoma shule Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Vingi kati ya vitabu vyake aliviandika huku akiwa mtumishi wa serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa Makerere, alianza na hadithi fupi katika Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza lililochapisha kazi za wanafunzi. Mwaka 1962, bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ikatoka 1964. Kipaji kipo, sikatai. Lakini Ngũgĩ alikuwa na mahali pa kuchapisha na watu wa kumsoma. Mwanafunzi anayeandika insha moja kwa muhula, ikarudi na alama bila neno lolote la mwalimu, tutajuaje kama ana kipaji?

"Ukiwa na madesa mazuri, kusoma kitabu chenyewe ni kupoteza muda."

Si kweli, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Takadini ya Ben Hanson imesomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania. Desa, yaani muhtasari wa kitabu ulioandaliwa tayari, litakupa dhamira: ubaguzi dhidi ya wenye ualbino, mapenzi ya mama, mila potofu. Litakupa wahusika: Sekai, mama wa Takadini mwenye ualbino, jasiri, ana mapenzi ya dhati; Chivero, mzee mwenye huruma. Yote sahihi, na mtihani ukija utajibu. Sasa muulize aliyekariri orodha hiyo: mwanamke aliyengoja mtoto muda mrefu, akampata, kisha akaona jamii yake haimtaki mtoto huyo aishi, alipoteza nini alipomwacha mume na ukoo akakimbia na kichanga? Je, angeweza kubaki na kupambana? Mwanafunzi anakaa kimya. Desa halikumwandalia jibu.

Au chukua hiyo "huruma" ya Chivero. Kitabuni si sifa iliyobandikwa mtu. Ni mzee anayempokea mtoto ambaye wengine wanamwogopa, anamfundisha kupiga mbira, na kupitia muziki ule kijana anapata nafasi yake kati ya watu. Msomaji anafika mwenyewe kwenye neno "huruma" baada ya kuyaona matendo. Aliyepewa neno bila matendo hajasoma. Amesomewa na mtu mwingine, tena mtu asiyemjua.

Siwalaumu wanafunzi. Mtihani unataka hoja zenye mifano, nasi walimu tunasahihisha kwa kuhesabu hoja. Desa limezaliwa na utaratibu wetu wenyewe. Ila mwalimu ana nafasi ya kufanya jambo dogo lenye nguvu: mwambie mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja ambayo Sekai angempelekea mumewe baada ya kutoroka. Barua hiyo haimo katika desa lolote. Ili aiandike itambidi arudi kitabuni kutafuta Sekai anaongeaje, anaogopa nini, anamsamehe nani. Hapo kusoma na kuandika vinakuwa kazi moja.

"Riwaya za upelelezi zinaharibu akili ya mwanafunzi."

Si kweli. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, kilimleta mpelelezi Bwana Msa. Elvis Musiba akatupatia jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Watu waliviazimana hadi majalada yakachanika. Msomaji anayekimbilia ukurasa wa mwisho anajifunza kubaki na kitabu, na stamina hiyo ataihitaji akifika kwenye riwaya za Kezilahabi. Mwachieni asome.

"Insha nzuri hujaa methali na misamiati mizito."

Si kweli. Mpe mwanafunzi insha kuhusu siku ya mnada, ataanza: "Jua lilikuwa limechomoza likiangaza kila pembe ya ulimwengu huku ndege wakiimba nyimbo za furaha." Sentensi hii imo katika madaftari ya kila shule. Mwambie aifute aandike alichokiona kwa macho yake. Anaweza kurudi na hii: "Baba alimpapasa mbuzi mbavuni, akataja bei, akageuka kuondoka kabla muuzaji hajajibu." Hakuna methali hapo wala neno gumu, na baba tayari tunamjua. Methali iingie pale ambapo mhusika mwenyewe angeitamka.

"Akizama kwenye vitabu vya Kiswahili, Kiingereza chake kitadhoofika."

Si kweli. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akakua na Kiswahili, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili na kuichapisha 1963. Kufuata hoja, kumshuku msimulizi, kusikia sentensi iliyolegea: anayejifunza hayo katika lugha anayoielewa vizuri huenda nayo katika lugha ya pili.

"Wino mwekundu unamvunja moyo mwanafunzi."

Kweli nusu. Ukurasa uliochafuliwa kila mstari humkatisha tamaa, naye anaukunja asiutazame tena. Lakini insha isiyosahihishwa kabisa haimsaidii. Chagua kosa moja au mawili makubwa, mweleze, kisha mdai aandike upya. Kuandika upya ndiko tunakokuruka kwa kuogopa silabasi haitaisha, na ndiko mwanafunzi anakokua zaidi.

"Shule hazina vitabu."

Kweli, kwa shule nyingi mno. Nakala moja hupita mikononi mwa darasa zima. Mpaka hali ibadilike, nakala hiyo isomwe kwa sauti darasani, sura moja kwa wiki, kila mwanafunzi na zamu yake. Mikoa mingi pia ina maktaba ya umma, na kadi ya uanachama ni zawadi nzuri kuliko tuisheni nyingi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, muhula huu tenga ukuta mmoja wa shule ubandike maandishi ya wanafunzi, yakiwa na majina yao, na uwaache wenzao wayasome. Nawe mzazi, mtoto akirudi likizo usianze na alama. Muulize anasoma kitabu gani, na ni mhusika gani hawezi kumsamehe.