Nasaha na Ajira (2): Akili za Kuambiwa Zichanganywe Vipi?

Juma lililopita tulimzungumzia kijana anayepuuza kila analoambiwa na wakubwa. Leo tumtazame mwenzake, anayelibeba neno la mkubwa kama lilivyo. Tumezoea kuambizana kwamba akili za kuambiwa changanya na zako, lakini hatufundishani namna ya kuchanganya. Mfano mzuri wa kujifunzia ni ushauri uliorudiwa majumbani mwetu kwa miaka mingi: "Kasome ualimu, serikali haimwachi mwalimu mtaani."

Waliosema hivyo hawakudanganya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakutosha hata kidogo. Ikabidi wachukuliwe waliomaliza darasa la saba, wajifunze ualimu huku wakifundisha. Mzee aliyeingia darasani wakati ule, akasomesha wanawe na wadogo zake kwa chaki hiyo hiyo, alikuwa na kila sababu ya kuiamini kazi yake. Kisha neno lake likathibitika mara ya pili. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za kata zikajengwa kila kona, na uhaba ukawa mkubwa kiasi kwamba vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakapelekwa kufundisha. Mtaani wakaitwa "voda fasta".

Uhaba huo huo ndio uliozaa wingi. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE cha Dar es Salaam na Mkwawa cha Iringa. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Vyuo binafsi navyo vikaongezeka, na mikopo ya elimu ya juu ikawapa kipaumbele waliosomea ualimu. Kwa miaka kadhaa mhitimu alipangiwa kituo cha kazi moja kwa moja. Ilipofika mwaka 2016, ajira serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Zilipofunguliwa, waliotangulizwa ni walimu wa sayansi na hisabati. Wengi wa Historia na Jiografia wakabaki na shahada kabatini. Na dalili tulikuwa nazo jirani: Kenya ilisitisha ajira ya moja kwa moja kwa walimu tangu mwaka 1998.

Ndani ya nasaha ya mzee mmoja mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: aliyoyaona na anayoyatabiri. Aliyoyaona ni mali. Mwalimu mstaafu anajua darasa la watoto tisini linavyokausha koo, nani hudumu kazini na nani huacha baada ya mwaka, na jinsi bustani ya mchicha nyuma ya nyumba ilivyomvusha mwisho wa mwezi. Hayo huyapati kwenye mwongozo wa udahili. Anayoyatabiri, kwamba mlango uliomfungukia yeye utakufungukia na wewe, yana tarehe yake.

Kwa hiyo usibishane naye. Muulize: Mjomba, mlipoanza kazi nani alikuwa anaajiri? Kwa nini walitafutwa wengi vile? Somo gani shuleni kwenu lilikosa mwalimu? Nimemwona mzee akiulizwa swali hilo la mwisho na mpwa wake. Alinyamaza, kisha akahesabu kwa vidole miaka ambayo shule yake ilikaa bila mwalimu wa fizikia. Binti alikuwa amefaulu vizuri hisabati na fizikia, na bado alikuwa ameshachagua HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Mzee hakuacha kumshauri asome ualimu, ila sasa ushauri ulikuwa na somo ndani yake.

Nasaha za leo nazo zipimwe hivyo hivyo. Anayekwambia "jiajiri" huenda amefanikiwa kweli, lakini waliofilisika hawaalikwi kuhutubia semina. Muulize mtaji wa kwanza aliutoa wapi, na nani alimlisha miezi ambayo duka halikuuza.

Nasisitiza maswali haya kwa sababu gharama haigawanywi. Tangu mwaka 2016 mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na asiye na ajira bado anadaiwa. Mjomba hatakatwa, wala mtoa semina, wala mimi ninayeandika makala haya.

Juma lijalo: nasaha ya mwajiri wako, ambaye naye ana maslahi yake.